Gundi ya Chumba cha Mwisho

Kolwezi, Jumamosi mchana

Kapinga mwanangu,

Umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na najua hutarudi kabla ya jua kuzama, kwa hiyo nina mchana mzima wa kukuandikia. Nimekaa nje upande wa jiko. Ndani hamna pa kukaa tena. Viti vimefungwa kamba na meza imejaa masufuria. Habari za kufunga mlango na za watu wa kuwaogopa kule Lubumbashi sitazirudia. Umezisikia mpaka umechoka, na una akili kuliko mimi nilipokuwa na umri wako.

Barua hii nitaitia ndani ya bahasha ya diploma yako. Kesho nitakuomba usiifungue mpaka basi lipite Tenke. Nataka uwe umefika mbali kidogo ili usishuke kurudi, na ili mimi nisiuone uso wako unaposoma. Huo ni woga, nakubali. Utaona humu kwamba woga umeniongoza katika mambo mengi.

Siku ile ulipopata kazi ulikuja mbio, ukanikalisha pale pale jikoni ukanieleza. Ukasema ofisi yenu inatayarisha mafaili ya majengo yanayotaka cheti cha kijani. Ukasema kila kitu kinachowekwa ndani ya jengo la namna hiyo, sakafu, gundi, rangi, vanishi, lazima kiwe na karatasi inayoonyesha kwamba hakitoi mvuke wa kudhuru watu, na kwamba wewe ndiwe utakayekusanya karatasi hizo. Ulinieleza polepole, kama mtu anayemweleza mama asiyejua. Nikatikisa kichwa, nikakuuliza maswali ya kijinga. Ulifurahi sana.

Kapinga, kazi hiyo naijua. Niliifanya hapa hapa Kolwezi, wewe ukiwa na miaka sita. Ulikuwa unajua kwamba nilikuwa sekretari wa shantie, kule kwenye ujenzi, lakini sikukuambia kamwe nilikuwa naandika nini. Ndiyo kazi iliyomuua baba yako, na hakufa kwa njia uliyoambiwa.

Lazima nianze mbali kidogo. Sitafuti huruma yako. Nataka tu uelewe mkono ulioandika ulikuwa wa nani.

Unajua kwamba ukoo wangu ni wa Kasai. Babu yangu aliletwa huku kuchimba shaba. Baba yangu alizaliwa kambini, akasoma kambini, akawa karani wa stoo. Hakuwa na kijiji kingine chochote. Nilipokuwa na miaka kumi, watu wa Katanga tuliokuwa tunachota nao maji walianza kutuambia twende kwetu. Asubuhi moja vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na fimbo na petroli. Mama aliacha sufuria ya bukari kwenye moto. Tulikimbilia stesheni kama wenzetu wote, tukakaa pale juu ya changarawe wiki baada ya wiki, tukingoja treni ya kutupeleka mahali ambapo baba mwenyewe hakuwahi kupaona.

Nilikuwa na mdogo wangu, Kalala, wa miaka mitatu. Sikuwahi kukutajia jina lake. Alianza kuhara siku ya Jumatatu, na Jumatano akawa hawezi tena kushika kichwa chake. Baba alimfunga ndani ya kitenge cha mama, akaenda kumzika nyuma ya reli. Akarudi anakimbia, mikono ina udongo, kwa sababu alisikia filimbi akadhani treni imekuja. Haikuwa yetu.

Pale stesheni niliapa kwamba hakuna mtu atakayenifukuza tena. Mtoto wa miaka kumi akiapa hivyo, hajui anaapa nini. Kiapo hicho kilikua pamoja na mimi, na kikawa kinaamua mambo mahali pangu.

Nilirudi Kolwezi nikiwa na miaka kumi na minane, kwa shangazi yangu aliyekuwa ameolewa na Mkatanga, na kwa hiyo hakufukuzwa. Nami nikaolewa na Mkatanga. Nilimpenda baba yako, usidhani vinginevyo. Lakini nilipenda pia kwamba alikuwa mtu wa Lubudi, na kwamba jina la Ngoy lingekuwa paa juu ya kichwa changu.

Wewe unamkumbuka kidogo sana. Alikuwa fundi wa sakafu. Magoti yake yalikuwa magumu kama visigino, na hata kanisani, akipiga magoti, alikuwa anapapasa saruji kwa vidole kuona kama imenyooka. Akimaliza chumba alilala chini kifudifudi, shavu kwenye sakafu, akaangalia kuelekea dirishani. Mwanga ulimwonyesha kila kitu kilichovimba. Akiona kosa alibandua akaanza upya, hata kama shefu amekwisha kusema vizuri. Wewe ulikuwa unalala kando yake hapa nyumbani, shavu chini, mkiangalia pamoja. Hilo nadhani unalikumbuka.

Wakati huo kampuni moja ya madini kutoka ng'ambo ilikuwa inajenga kliniki ya wafanyakazi wake na familia zao, kando ya njia ya kwenda Kingamyambo. Wenye mitaji walitaka kliniki hiyo ipate cheti cha jengo la kijani. Kampuni ya ujenzi ikamwajiri baba yako kwa sakafu, na mimi, kwa sababu nilijua kupiga mashine ya kuandika, ikaniweka biroo, mezani. Tukapewa nyumba ya kambi, yenye maji ndani. Nilikuwa naamka alfajiri kufungua bomba, nione tu maji yakitoka.

Kazi yangu ilikuwa fishi. Kila kitu kilichoingia kilikuwa na fishi yake, karatasi ya maelezo: jina, kiwanda, namba iliyopigwa kwenye ndoo, na kiasi cha mvuke kinachotoa baada ya siku kadhaa. Sakafu ilikuwa ya lino, ile ya kukunjuliwa kama mkeka, iliyotengenezwa kwa mafuta ya mbegu na unga wa mbao. Gundi yake ilikuja katika ndoo nyeupe. Ilikuwa gundi ya maji, nyeupe kama uji, ikinuka kidogo tu, kama unga mbichi. Ubaya wake ni uvivu. Inataka sakafu kavu kabisa, halafu inataka kungojwa. Baba yako aliipenda. Alisema kwa mara ya kwanza anamaliza siku bila kichwa kumuuma.

Ikabaki chumba kimoja upande wa mwisho, chumba cha kujifungulia. Ndoo nyeupe zikaisha. Nyingine zilikuwa ndani ya kontena kule mpakani Kasumbalesa, kwenye foleni ya malori iliyokuwa haitembei, na wageni wa kuja kuona jengo walikuwa wamekwisha kupanga siku yao.

Shefu wetu wa shantie alikuwa anaitwa Musyo Gaston. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa anasalimia kila mtu kwa jina, na wewe alikuwa anakuletea biskuti. Asubuhi moja aliniita nyuma ya stoo. Alikuwa amenunua mjini gundi ya makopo, ile ya kahawia ya mafundi wa viatu na magodoro, inayoshika mara moja. Kila kopo lilikuwa na mchoro wa moto. Walinzi wawili walikuwa wanaimimina ndani ya ndoo nyeupe zilizokuwa tupu.

Akanieleza kwamba ni chumba kimoja tu, kwamba ikikauka haitajulikana. Akaniomba niandike fishi kwa namba za ndoo za zamani.

Nilimuuliza jambo moja tu. "Na karatasi za kiwanda?"

"Karatasi ni wewe, Mama Kapinga," akasema.

Nikarudi mezani nikaandika. Haikuchukua muda. Nimejaribu miaka hii yote kukumbuka kama mkono ulitetemeka, maana ningependa kukuambia kwamba ulitetemeka. Sikumbuki hivyo.

Chumba kile kilikuwa kinatazama barabara ya malori. Vumbi jekundu lilikuwa linaingia, na vumbi likianguka juu ya gundi mbichi, kazi imeharibika. Kwa hiyo madirisha yalifungwa kwa plastiki, na mlango pia ukatiwa pazia la plastiki. Ndani walikuwa baba yako na mwenzake Mutombo, Mkasai mwenzangu, mtu mpole aliyekuwa amefanya kazi naye tangu ujana. Siku ya pili, wakati wa chakula, baba yako alikuja kukaa karibu yangu kivulini. Hakula. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama Kapinga, hii gundi haiko ile," akasema. "Inaingia mu kichwa."

"Ni ile ile. Labda ilikaa sana mu jua."

"Uliona fishi yake?"

"Niliona."

"Basi," akasema, akafunga chakula chake tena ndani ya kitambaa, akarudi kazini.

Umeelewa, Kapinga? Pua yake ilikuwa inamwambia, kichwa chake kilikuwa kinamwambia. Akaacha kuviamini vyote viwili kwa sababu mke wake alisema ameona karatasi. Kama ningemwambia, angeweka chini vyombo vyake papo hapo na kwenda kwa Musyo Gaston. Nilijua hilo. Nilijua tungepoteza kazi, mimi na yeye, na nyumba yenye bomba. Na majuma yale maneno yalikuwa yameanza tena sokoni. Mama mmoja muuza samaki alikuwa amekataa kuniuzia, akisema sisi Wakasai hatushibi. Nilisikia filimbi ya treni masikioni. Nikamwacha arudi ndani.

Jioni ile alirudi anayumba, akatapika kwenye majani. Wewe ulimcheka, ukamwigiza anavyotembea, na yeye akacheka pia.

Siku ya nne nilikuwa biroo napanga faili. Haukuwa mlipuko kama wanavyosimulia. Nilisikia kitu kama mtu anayekung'uta blanketi zito, mara moja. Kumbe fundi wa umeme alikuwa kwenye korido anakata bomba la chuma kwa mashine, na cheche zilipita chini ya pazia zikawasha mvuke wa gundi. Mutombo alitoka kwa dirisha, akaipasua ile plastiki inayoyeyuka kwa mikono yake. Baba yako alitoka kwa mlango, kwa miguu yake mwenyewe. Akasimama uani kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa.

Aliishi siku nne hospitalini. Siku mbili za kwanza alikuwa anaweza kusema. Hakulalamika. Alikuulizia wewe, akaambiwa uko kwa jirani, akaridhika. Halafu siku ya pili, mchana, muuguzi alipotoka, alinigeuzia macho akaniuliza.

"Ilikuwa gundi gani?"

Nilimwambia apumzike. Nikachukua kitambaa nikamlowesha midomo. Alinitazama muda mrefu. Sijui kama alijua. Sijui kama alikuwa anauliza kama fundi anayetaka tu kujua kazi yake iliharibikia wapi, au kama mume. Baada ya hapo hakusema tena neno la kueleweka.

Tulimzika Ijumaa. Jumapili, kilio kikiwa bado hakijaisha, Musyo Gaston akaja amevaa tai nyeusi, akakaa kwenye mkeka kama watu wote, akala tulichokula. Kisha akaniomba tusogee kando. Alikuwa na karatasi. Nilitambua mara moja kwamba iliandikwa na mtu asiyejua mashine, mistari imepanda na kushuka, kwa sababu mwenye kujua nilikuwa mimi na nilikuwa nimekaa chini namlilia mume. Karatasi ilisema gundi iliyokuwa chumbani ni ile ya kwenye fishi, isiyoshika moto. Ilisema moto uliletwa na sigara ya Ngoy, na kwamba mimi, mke wake, nilikuwa nimemwonya mara nyingi asivute kazini.

Baba yako hakuwahi kuvuta sigara. Hakuvuta ujanani, hakuvuta kazini, hakuvuta kwa siri. Moshi wa jiko tu ulikuwa unamkoholesha.

"Kampuni haifukuze mjane," Musyo Gaston akasema kwa sauti ya chini. "Lakini bakaguzi bakiona fishi ilidanganya, batauliza ni mkono ya nani. Na we unajua vile batu banasema sasa juu ya Bakasai. Bwana yako hayuko tena."

Nilisaini. Nilisaini juu ya sinia ya chakula, kwa kuwa hapakuwa na meza.

Sasa ngoja nikuambie ya Mutombo, maana yeye ndiye ninayemwogopa zaidi siku ya hukumu, kuliko hata baba yako. Mutombo alikwenda mbele ya mkaguzi wa kazi, mikono yote miwili imefungwa bendeji mpaka kwenye viwiko, akasema kweli. Akasema gundi ilibadilishwa, akasema ndani ya chumba hamkuwa na sigara. Wakamwonyesha karatasi yangu. Mjane mwenyewe amesema. Nani angemwamini Mutombo kuliko mjane? Kampuni ikamwachisha kwa kosa la kusema uwongo, ikampa wiki moja atoke kwenye nyumba ya kambi. Watu wakamwambia arudi kwao, na safari hii hawakuhitaji fimbo wala petroli. Karatasi ilitosha.

Nilikuwapo siku aliyoondoka. Lori lilisimama karibu na nyumba yetu, mke wake na watoto walikuwa wamekwisha kupanda. Yeye alikuwa chini, anajaribu kufunga godoro, na mikono ile haikuweza. Akainua macho akaniona mlangoni. Nilidhani atanilaani. Ningefurahi kama angenilaani.

"Mama Kapinga," akasema, "unisaidie kufunga hii kamba."

Nikaenda nikaifunga. Nilifunga mafundo mawili. Akanishukuru, akapanda.

Nilichofanyiwa mimi stesheni nikiwa na miaka kumi, nilimfanyia mtu mwingine kwa kalamu. Sikuliona hilo siku ile. Siku ile niliona tu kwamba lori limeondoka na mimi nimebaki.

Chumba kilijengwa upya. Lile kontena lilikuwa limefika, wakatumia gundi ya maji. Feni zikazunguka mchana na usiku, madirisha wazi, wiki mbili. Ndipo akaja mtu wa cheti na mashine yake ndogo juu ya miguu mitatu, akapima hewa, akaandika kwamba ni safi. Na ilikuwa safi kweli. Faili nilimkabidhi mimi, zikiwemo zile fishi. Wakatundika kibao mlangoni, tukapiga picha. Mimi niko pembeni, nimevaa nguo nyeusi.

Miezi michache baadaye bei ya shaba na kobalti ikaanguka. Hatukuelewa mara moja. Tuliona kwanza malori yamepungua, halafu wazungu wamepungua, halafu asubuhi moja lango la kampuni likafungwa na mnyororo. Kliniki haikuzalisha mtoto hata mmoja. Walinzi wakapita kambini na orodha, na jina langu lilikuwamo kama majina yote. Karatasi yangu, fishi zangu, utii wangu, havikuwa na mtu wa kuvikumbuka, kwa kuwa Musyo Gaston alikuwa ameondoka kabla ya wote. Tukatolewa nje. Ulikaa juu ya godoro kando ya barabara, una miaka saba, ukaniuliza kama baba atajua mahali pa kututafuta. Na kule kliniki watu walibandua lino wakaenda kuitandika kwenye vibanda vyao. Sikuwalaumu. Ilikuwa sakafu nzuri.

Ndivyo tulivyofika katika nyumba hii, ambayo nayo sasa ina namba nyekundu ukutani, kwa sababu shimo la mgodi limetukaribia na mwisho wa mwezi watakuja na matingatinga. Nimefukuzwa mara tatu, Kapinga. Mara zote mbili baada ya stesheni nilikuwa nimekwisha kuwatoa watu wengine kama malipo ili nisifukuzwe.

Ungeweza kuniuliza kwa nini sikukuambia mapema. Nilikuwa nasema moyoni kwamba wewe bado mdogo. Ulipokuwa na miaka kumi na miwili ulirudi kutoka shuleni mlikofundishwa habari za moto, ukasimama hapa nilipokaa, nikiwa nachagua mchele, ukasema, "Kama baba alikuwa anatupenda, angezima ile sigara." Uliisema polepole, kama kitu ulichokifikiria muda mrefu. Mikono yangu iliendelea kuchagua mchele. Sikuinua kichwa. Tangu siku hiyo hukukubali tena kwenda makaburini, na mimi nilikuwa nakwenda peke yangu na kuwaambia watu una masomo.

Hilo ndilo kosa ninalokupa jina lake kamili. Ya fishi nilikuwa na woga, ya kilio nilikuwa na woga na huzuni. Ya mchele sikuwa na kisingizio. Tulikuwa wawili tu, na hakuna aliyekuwa anatufukuza.

Mwezi huu, baada ya wewe kupata kazi, nilijaribu kutengeneza. Nilikwenda kwenye lango la zamani. Sasa kuna kampuni nyingine yenye jina jingine, na mlinzi aliniambia mambo ya zamani hayamo kwao. Mkaguzi wa kazi alihamishwa zamani, hakuna anayejua wapi. Kanisani nikaulizia habari za Mutombo kwa Wakasai wenzangu mpaka nikapewa namba ya simu ya binti yake, kule Mwene-Ditu, Kasai. Nilimweleza mimi ni nani na nilifanya nini, yote, bila kupunguza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia mikono ya baba yake haikukunjika tena, kwamba mama yake ndiye aliyekuwa anamlisha, na kwamba alifariki msimu wa mvua wa mwaka juzi. Kisha akasema asante, mama, kama mtu anayefunga mlango taratibu, akakata simu.

Kwa hiyo umebaki wewe, na dada ya baba yako kule Lubudi ninakokwenda kuishi. Naye anaamini habari ya sigara. Amekuwa akimwombea ndugu yake msamaha kila mwaka. Nimeamua kumwambia pale mlangoni, kabla sijashusha mizigo. Akinikaribisha baada ya hapo, nitaingia. Asiponikaribisha, nitakuandikia niko wapi.

Sina haki ya kukufundisha maisha. Lakini mambo ya gundi nina haki nayo, na hayo nitakuambia. Utaletewa karatasi nzuri kuliko zangu, zenye mihuri. Uzisome, halafu uondoke mezani uende kwenye chumba chenyewe. Funga mlango uvute pumzi. Tafuta kopo, si ndoo tu, hata kama limetupwa nyuma ya stoo. Na mtafute yule aliyepiga magoti chini umuulize kichwa chake kikoje. Akikuambia inanuka, mwamini yeye. Ile mashine ya kupima hewa huja wakati madirisha yamekwisha kufunguliwa. Inapima hewa ya wale watakaokuja. Hewa ya wale waliotandika sakafu hakuna aliyewahi kuipima, na cheti hakiiulizi. Uiulize wewe.

Na siku moja atakuja mtu mwenye sauti nzuri, anayejua jina lako, kukuambia karatasi ni wewe. Sikuambii usiogope, utaogopa. Nilichokiogopa mimi kilikuwepo kweli, hakikuwa ndoto. Nilikosea kudhani kwamba nikikipa mtu mwingine kitashiba na kuniacha.

Nasikia sauti zenu zinakuja barabarani, mnaimba. Wacha nimalize.

Huko uendako, mafundi wa sakafu wanajuana. Wengi walifanya kazi Kolwezi. Kuna siku mzee mmoja atalisikia jina lako akuulize kama wewe ni mtoto wa yule Ngoy aliyechoma kliniki kwa sigara. Hivyo ndivyo wanavyomtaja mpaka leo, nimewasikia. Usiinamishe kichwa. Mwambie hapana. Mwambie baba yako alikuwa amepiga magoti anafanya kazi yake, na aliuliza mara mbili ile gundi ni gani. Mwambie mama yako alikuwa anajua, na hakumwambia.

Mama yako